Kwa Kinga Kutoka Kigali Hadi Byumba: Njia za Udongo



Tangu familia za Gihembe zihamishiwe huku Mahama mwaka 2021, swali limekuwa moja tu: kule Byumba kumebaki nini? Wazee wanauliza habari za makaburi. Vijana wanauliza habari za uwanja wa mpira. Na wale wenye ndugu Kigali wanauliza kama mtu anaweza kupanda mpaka kule kwa baiskeli, kwa zile njia za nyuma za udongo, bila kulipa basi na bila kugombana na malori kwenye lami. Basi likizo ya mwisho wa mwaka, sisi watatu tuliomba ruhusa ya kutoka, tukateremka Kigali, tukaazima kinga tatu kwa ndugu zetu wa Nyamirambo, tukaenda kuona.

Kinga ndiyo baiskeli kwa wale ambao hawakukulia Kongo. Hapa Rwanda wanasema igare. Mbili zilikuwa za chuma, za kawaida, bila gia, zenye keria ya nyuma ya kubebea abiria au bidoni. Ya tatu ilikuwa ya milimani, yenye gia, ingawa gia tatu kati ya hizo zilikuwa za mapambo tu. Tuliipokezana kwa saa, na huyo aliyeipata ndiye aliyeongea zaidi njiani.

Kabla ya kwenda mbali tulijaribu miguu yetu palepale mjini. Nyote mlisikia habari za Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Siku ya mwisho, tarehe 28, wanaume waliendesha kilomita 267.5, na kati ya watu zaidi ya 160 walioanza ni 30 tu waliofika mwisho. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye alianza kuwaacha wenzake kwenye mlima Kigali, zikiwa bado zaidi ya kilomita mia moja. Baada ya mlima huo wakapanda ule ukuta wa mawe wa Kwa Mutwe, kule Nyamirambo, ambao wageni wanauita Mur de Kigali. Ni mita kama 400 tu, lakini ni mawe yaliyopangwa na mwinuko umesimama kama ngazi. Sisi tuliupanda asubuhi. Wa gia alifika juu amekaa. Wawili tulifika tukisukuma, tukiwa pamoja na mama aliyebeba ndizi kichwani, na ukweli usemwe, mama alitangulia.

Kutoka Nyamirambo ukiendelea magharibi lami inakwisha, na hapo ndipo safari tunayoizungumzia inapoanza. Mlima Kigali una mita 1,850 hivi, umevaa mikaratusi na misonobari, na njia zake ni za udongo mwekundu. Unazunguka kwenye kivuli, halafu miti inafunguka na unaona chini mto Nyabarongo umejikunja kwenye bonde lake pana. Rangi yake ni ile ya chai ya maziwa iliyozidi majani. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga, kwa sababu mmoja wetu alisema: hayo maji tutayakuta nyumbani. Na ni kweli. Nyabarongo unakwenda kusini na mashariki mpaka karibu na ziwa Rweru, hapo unapata jina la Akagera, unapita Rusumo kwenye maporomoko, halafu unapanda kaskazini kwenye mpaka wa Tanzania na kupita chini ya kambi yetu. Ule udongo mwekundu tunaouona Akagera kila msimu wa mvua umetoka kwenye vilima hivi. Ni mashamba ya watu, na ni barabara za watu.

Tunawaambia hivyo mapema kwa sababu safari nzima tulisafiri na jambo hilo. Mtu wa lami anafikiri barabara ni kitu kilicholala hapo, unakikuta na unakiacha. Barabara ya udongo haiko hivyo. Inapigana na maji kila mwaka, na wewe mwenye kinga unapita katikati ya ugomvi.

Kusini mwa Kigali kuna Bugesera, na wanaopenda tambarare waende huko. Ukishavuka Nyabarongo na kuacha lami ya Nyamata, kuna njia za mchanga zinazopita kando ya maziwa madogo na mapapirusi, hakuna mlima wa kukuua, isipokuwa jua. Kwa mtoto anayejifunza safari ndefu ni pazuri. Sisi tulikuwa na kazi kaskazini.

Tulitoka Nyabugogo saa kumi na mbili asubuhi. Barabara kuu ya Byumba na Gatuna inapita Gatsata na kuendelea bondeni mpaka Nyacyonga, ambako mwaka 1993 walikaa maelfu ya wakimbizi wa ndani waliokimbia vita kutoka Byumba hiyo hiyo tuliyokuwa tunaiendea. Lakini hatukufuata bonde. Tulikata kushoto tukapanda mlima Jali, ule wenye minara ambao kila mtu wa Kigali anauona na wachache wanaupanda. Unapita mita 2,000. Tulisukuma karibu saa mbili. Anayekuambia kwamba ataendesha kinga isiyo na gia mpaka Jali, mwulize ameuza wapi magoti yake.

Kwenye mteremko huo ndipo tulipokutana na walimu wetu halisi wa siku ile. Walikuwa wanashuka mjini na mizigo. Viazi magunia mawili. Mkaa uliosimama juu kuliko kichwa cha mwenye kinga. Bidoni za maziwa zimefungwa kwa mpira wa tyubu ya zamani. Wengi wanatembea kando ya kinga wameishika kama ng'ombe mkaidi. Wengine wanateremka nayo wakiweka kandambili kwenye tairi la nyuma, ndiyo breki. Wanyonzi, wale wa kubeba abiria, ni rahisi kuwaona pembezoni mwa jiji na katika miji midogo. Hawa wa mizigo ndio walioshika njia za udongo.

Mzee mmoja wa viazi alitutazama matairi, akatutazama nyuso, akauliza tunauza nini. Tulipomwambia hatuuzi kitu, tunatembea tu, alicheka mpaka akashika usukani. Wageni wa Ulaya wanaopita huko na baiskeli zao nyepesi zenye matairi manene, watoto huwakimbilia wakipiga kelele za muzungu. Sisi hakuna aliyekimbia. Ila yule mzee hakutuacha hivi hivi. Alitufundisha kwamba baada ya mvua usipite katikati ya barabara, hata kama inaonekana laini, kwa sababu katikati ndipo maji yamepasua. Fuata ule mstari mwembamba uliokanyagwa na kinga, upande wa mlima. Na ukiona mfereji umejaa udongo, basi jua mbele kidogo barabara imekatika.

Alikuwa sahihi mara nne siku hiyo hiyo.

Hapa tuseme kidogo kuhusu hizo safari za wageni, maana vijana wetu wanaziulizia. Tangu mwaka 2020 kuna mashindano yanayoitwa Race Around Rwanda, yanaanza Kigali na kuzunguka nchi kama kilomita 1,000, lami na udongo pamoja, kila mtu anajitegemea kwa chakula na matengenezo. Kuna pia ile njia ya Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya ziwa Kivu kutoka Rubavu mpaka Rusizi, ambayo ndugu zetu wa Kiziba wanaijua kwa sababu inapita upande wa Karongi, chini ya milima yao. Watu wanalipa pesa nyingi kutoka mbali kuja kuendesha kwenye mavumbi tunayoyakimbia sisi. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka. Tulipofika juu ya Jali, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni na vilele vimetokeza kama visiwa, tuliwaelewa.

Na baiskeli yenyewe katika nchi hii ilianza kujulikana duniani kupitia mzigo. Mwaka 2005 Tom Ritchey, Mmarekani mtengeneza baiskeli, alikuja akaona wakulima wanavyobeba kahawa kwenye baiskeli za mbao, akabuni baiskeli ndefu yenye gia ya kubebea magunia. Mwaka 2007 ndipo timu ya Rwanda ya mashindano ikaanza, chini ya Jonathan Boyer. Kutoka timu hiyo Adrien Niyonshuti alikwenda Olimpiki ya London mwaka 2012, na mbio alizoendesha hazikuwa za lami, zilikuwa za milimani, kwenye udongo na mawe. Sisi watu wa Kivu tusijisahau pia: chukudu yetu ya mbao ndiyo mama wa mambo hayo, na Goma imesimamishiwa sanamu yake, ya rangi ya dhahabu.

Turudi njiani. Kutoka Jali unafuata mgongo wa mlima mpaka Rutongo, kwenye machimbo ya bati. Barabara hapo ni pana kwa sababu ya magari ya mgodi, lakini imejaa changarawe ndogo zinazoviringika kama punje za mahindi. Ukikaza breki ghafla umeanguka. Huachii mkono, huangalii mandhari, unaangalia mita tano mbele yako. Baada ya Rutongo tuliuliza kila njia panda, maana njia za huko hazina vibao. Unauliza "Kinihira?" na mtu ananyoosha mkono kuelekea mlima mwingine. Rwanda ni hivyo, unaona unakokwenda asubuhi na unafika jioni. Kuteremka bondeni dakika kumi na tano, kuvuka daraja la magogo, kupanda saa moja. Halafu tena. Tulihesabu mabonde matano, kisha tukaacha kuhesabu kwa faida ya roho zetu.

Pancha zilikuwa tatu, zote za kinga moja. Kila mara watoto walitokea bila kuitwa, mmoja na beseni la maji la kutafutia tundu, mwingine na maoni. Solusheni yetu ilikuwa imekauka nusu, ila fundi mmoja chini ya mkaratusi alituuzia vipande vya tyubu ya zamani vilivyokatwa tayari, akakataa pesa ya kazi kwa sababu tulikuwa walimu. Alisema mtoto wake hapendi hesabu. Tukakaa nusu saa na mtoto na hesabu za sehemu, mmoja wetu akiziba tyubu. Tulimfundisha kwa viraka: nusu ya kiraka, robo ya kiraka.

Kinihira ilitupokea jioni. Unatoka kwenye vumbi, unapinda kona, na bonde zima ni kijani kibichi, limekatwa sawasawa kama kichwa cha mtu aliyetoka kwa kinyozi. Ni chai. Kiwanda cha SORWATHE kilianzishwa mwaka 1975, na sehemu kubwa ya chai hiyo imepandwa katika bonde ambalo zamani lilikuwa kinamasi, likachimbiwa mifereji maji yakatoka. Njia ya kinga inapita katikati ya mashamba, ngumu, nyeusi, bila jiwe. Kwa kweli ndiyo kilomita tamu kuliko zote tulizoendesha. Tuliendesha watatu sambamba tukiimba, wachuma chai wakatuitikia. Usiku tulilala kwa familia ya mwalimu mwenzetu, kwenye mkeka, tukala viazi na maharage, tukalala kama mawe.

Siku ya pili tulipanda kuelekea Kisaro. Huko macho yanafundishwa jambo lingine. Vilima vyote vimekatwa ngazi, shamba juu ya shamba, na ukingo wa kila ngazi umepandwa majani ya kulisha ng'ombe. Ngazi hizo za mashamba zilianza kuchimbwa Kisaro miaka ya 1970, kisha zikasambaa sehemu nyingine za nchi. Mvua ikinyesha, maji yanasimama kwenye ngazi, yananywewa na udongo. Yanayobaki yanashuka polepole. Na tuliona wenyewe: mahali ambapo kilima kilikuwa na ngazi, barabara chini yake ilikuwa nzima, tunaendesha. Mahali ambapo kilima kilikuwa kitupu, barabara ilikuwa na ufa wa kuingia mguu mpaka goti, tunabeba kinga begani. Hakuna darasa la jiografia tulilowahi kufundisha likaeleweka vizuri hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Watu wa kijiji kizima walikuwa barabarani na majembe wanazibua mifereji. Hupiti umuganda na kinga kama waziri. Tuliziegemeza ukutani, tukapewa majembe, tukachimba mpaka saa tano. Kazi ya mfereji ni ndogo kwa kuitazama: unatoa udongo ulioziba, unautupa upande wa chini, unaacha midomo ya kutolea maji kila hatua kadhaa ili yasipate nguvu. Maji yakikimbia sana ndipo yanapouma. Baada ya kazi wakafanya mkutano wao, sisi tukaaga, na mama mmoja akatufungia mahindi ya kuchoma kwenye jani.

Kabla ya Byumba tulikata kaskazini mpaka ukingo wa Rugezi, kwa sababu darasa letu la sita huwa tunalifundisha habari zake na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Rugezi ni kinamasi kilichokaa juu milimani, zaidi ya mita 2,000, kati ya Burera na Gicumbi. Unatarajia maji. Unakuta uwanja mrefu wa majani unaopotea machoni, umenyooka katikati ya vilima kama mtu aliyetandika mkeka. Upepo unapita juu yake na majani yanalala na kuinuka. Chini ya majani hayo kuna tabaka nene jeusi la mimea iliyokufa ambayo haikumaliza kuoza, linanywa maji kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo. Njia inazunguka ukingoni na hakuna sauti isipokuwa ndege na cheni ya kinga yako. Tuliona umusambi wawili, wale korongo wenye taji la dhahabu, wakitembea taratibu kama watu waliovaa kwenda harusi.

(Watoto wa darasani, mkumbuke kwamba korongo ni ndege, na korongo ni bonde lililochimbwa na maji. Siku hiyo tuliona wote.)

Maji ya Rugezi yanaingia ziwa Burera, yanashuka ziwa Ruhondo, na katikati ya maziwa hayo mawili ndipo ulipo mtambo wa umeme wa Ntaruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walikuwa wamechimba mifereji na kulima ndani ya kinamasi, mvua nazo zikapungua. Ziwa Burera likashuka. Mwaka 2004 umeme ukawa shida mpaka Kigali, serikali ikakodi majenereta ya mafuta kwa gharama kubwa. Kilimo ndani ya kinamasi kikazuiwa, na mwaka 2005 Rugezi ikaandikwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zinazolindwa, ya mkataba wa Ramsar, hekta 6,735. Walioondolewa mashamba yao bondeni hawakufurahi, na mzee tuliyekunywa naye uji alitueleza hivyo bila kificho: umeme ulikwenda Kigali, njaa ikabaki kwake. Baadaye alinyoosha mkono kwenye majani akasema, lakini kisima changu kimerudi. Tuliandika maneno yote mawili kwenye daftari.

Na kutoka Ruhondo maji hayo yanashuka Mukungwa, yanaingia Nyabarongo, na sasa mnajua yanapokwenda.

Byumba ilikuja mchana wa siku ya tatu, na baridi yake tuliikumbuka kabla ya kuiona. Mji uko juu, zaidi ya mita 2,200, upepo unaingia kwenye shati kama una ufunguo. Upande wa kaskazini maji yanakwenda Muvumba, hayo hayapiti kwetu, yanakutana na Akagera mbali huko Kagitumba. Tulipita soko, tukashika ile njia ya Kageyo. Hatukuongea. Miguu ilijua kila kona.

Kwa vijana waliozaliwa baadaye: Gihembe ilifunguliwa Desemba 1997, baada ya wazazi wetu kushambuliwa mara mbili katika kambi ya Mudende mwaka huo. Kambi ikakaa kwenye kilima kile miaka karibu 24. Nyumba zilikuwa zimebanana, mapaa ya bati na shitingi, vijia vya miguu kati yake, na kila tone lililoanguka kwenye paa halikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye kijia. Vijia vikawa mifereji. Mifereji ikawa makorongo. Wengi wenu mnakumbuka nyumba zilizohamishwa kwa sababu ukingo ulikuwa umekaribia mlango, na tulivyofungiwa ndani mvua ikinyesha usiku. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuhamishwa mwaka 2021: kilima kilikuwa kinakwisha chini yetu.

Sasa hakuna nyumba. Tulitegemea kuona hivyo na bado ilitushika kooni. Kuna nyasi, kuna miche ya miti iliyopandwa kwa mistari, mingine imefika kiunoni na mingine imeshapita kichwa. Ndani ya makorongo wamepanga vizuizi, na nyuma ya kila kizuizi udongo umekusanyika, majani yameota juu yake. Korongo kubwa lile tulilolijua bado lipo, ila pande zake zimelegea, hazisimami tena wima kama ukuta. Uwanja wa mpira unatambulika kwa usawa wake. Tuliendesha kinga kwenye uwanja huo mizunguko mitatu, bila sababu. Mahali pengine unaona mstari wa mawe ya msingi kwenye nyasi, au kipande cha sahani ya bluu. Mchungaji wa mbuzi alituuliza kama tumepotea. Tulimwambia tulikuwa tunakaa hapa. Akauliza upande gani, tukamwonyesha, naye akasema upande huo nyasi zinaota vizuri.

Makaburi. Hapa tunajua kuna wanaosoma haraka ili wafike, basi tuseme wazi. Yapo. Hayajalimwa. Misalaba mingi ya mbao imeanguka au imeoza, machache ya saruji yanasomeka. Nyasi ni ndefu. Wakazi wa karibu walituambia ng'ombe hupita lakini hakuna anayechimba. Familia tano zilitupa maelezo, na tulitafuta moja moja; matatu tuliyapata bila shaka, moja tunaamini ndilo, moja hatukulipata. Majina hatuyaandiki kwenye jarida, kila familia tumeipa jibu lake nyumbani.

La bibi mmoja ndilo lililotuchukua muda. Alitupa kipimo: hatua arobaini kutoka mkaratusi mkubwa, kuelekea jua linapozama. Mkaratusi umekatwa. Tulitafuta kisiki saa nzima mpaka tukakipata, kimechipua machipukizi marefu kama fimbo. Kisha likaja swali la hatua: za nani? Bibi ni mfupi, na alihesabu akiwa na huzuni. Mmoja wetu, mfupi kuliko wengine, akatembea polepole kama mtu anayefuata jeneza, arobaini, na hapo palikuwa na mawe matatu yamepangwa, la katikati jeupe, kama alivyosema. Tulikata nyasi kwa kisu cha mahindi, tukapiga picha, tukasali. Yeye mwenyewe ameshaiona picha. Alituuliza tu kama kuna korongo karibu. Hakuna, lililo karibu liko upande wa pili wa kisiki na limezibwa.

Kurudi Kigali tulifuata lami. Ni mteremko mrefu, ulaini wake unatia usingizi baada ya siku tatu za kutikisika, na malori ya Gatuna hayakusubiri. Ndani ya saa chache tulikuwa Nyacyonga, na kabla ya jua kuzama Nyabugogo, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Kwa anayetaka kwenda: nendeni Januari, Februari au kuanzia Juni mpaka Agosti, mvua ikiwa imekatika. Msiende peke yenu. Bebeni kitambulisho cha mkimbizi na karatasi ya ruhusa, pampu, viraka, solusheni mpya, spana ya kumi na tano, kamba, koti la mvua, na lita mbili za maji kila mtu. Kagueni mpira wa breki kabla ya Jali, maana kandambili haitoshi. Kinga ya gia ni bora, lakini isiyo na gia itafika. Chakula kipo kila soko, fedha ndogo ndogo ziwe mfukoni. Na mkikuta watu kwenye mfereji, simameni mshike jembe.

Picha ziko kwenye simu ya mmoja wetu, kama arobaini hivi. Tutazionyesha shuleni Jumamosi saa nane mchana, darasa la mwisho karibu na matangi ya maji. Familia ambazo bado zina maelezo ya makaburi waje nayo yameandikwa, kipimo na alama, kwa sababu wawili kati yetu tunafikiria kurudi kule Julai.